Beji ya Baba Mkubwa

Tunduma,
9 Februari 2025

Kwa Mama Mkubwa Ferista,

Shikamoo. Ya Baba Mkubwa Fanueli naituma peke yake, asije akasema nimemchanganya nawe kwenye salamu moja: shikamoo Baba Mkubwa. Mimi mzima wa afya. Malori yamejipanga kutoka mpakani mpaka mwisho wake huuoni, matope yetu ya Februari unayajua, lakini makoti yangu ya mitumba yanatoka kwa sababu baridi nayo ipo. Bushra, jirani yangu wa kibanda, anakusalimu. Anasema mfungo ukianza tu tende zako zinakuja.

Nampa barua hii Anyitike, dereva wa Noah ya abiria, kama kawaida. Simu ingekuwa rahisi, ila simu yenu inakaa mfukoni mwa koti la Baba Mkubwa, na wewe sikio moja limekufa na la pili linasikia linachokitaka. Tuendelee na karatasi.

Kwenye kifurushi kuna miwani ya kusomea. Ni ya Baba Mkubwa. Krismasi nilipokuja niliona anapewa Biblia asome kanisani, na kabla hajafungua mdomo wewe ukasema macho yake yanamsumbua. Niliona aibu. Nakaa kwenye soko lenye miwani kila kona, halafu mzee wangu anashindwa kusoma mbele ya watu! Na ndiye anayekuandikia barua zako kwa mwandiko ule mzuri. Mwambie apokee.

Sasa jambo langu. Ule ugonjwa wangu wa beji haujapona. Belo la makoti likifunguliwa, wenzangu wanapekua mifuko wakitafuta dola. Mimi naangalia kifuani. Wazungu huko wanatoa koti la msaada na kusahau kubandua beji, kibati cha mviringo chenye pini nyuma. Nimepata ya mtu aliyegombea umeya wa mji ambao sijui hata uko wapi, ya benki, ya waliokuwa wanapinga vita, ya mtoto aliyetimiza miaka mitano. Twaibu wa vipuri vya malori ameniletea ya chama cha zamani cha Zambia aliyoipata kwa fundi wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, akanitengenezea na ubao wenye kitambaa cheusi wa kuzipanga. Najua watu wananicheka. Lakini fikiria, Mama Mkubwa: kila beji ile, kuna mtu aliamka asubuhi akaibandika akiamini jambo fulani.

Krismasi nilimkumbatia Baba Mkubwa nikaiona ya kwake kwa karibu. Kibati cha bluu, kitabu cha njano, NIMEFUTA UJINGA, na chini 1975. Nimeiona tangu mtoto bila kuiona. Nina beji za dunia nzima na sina hata moja iliyotengenezwa kwa ajili ya mtu wa Itaka. Naomba mniazime, na unisimulie ilikotoka.

Ni mimi nikupendaye,
Imelda


Itaka,
2 Machi 2025

Mwanangu Imelda,

Marahaba. Tupo. Goti langu linatabiri mvua vizuri kuliko redio, na mvua yenyewe imekuja, mahindi yamesimama. Ng'ombe amezaa dume. Baba yako Mkubwa alitaka jike, akanuna siku mbili kana kwamba aliyezaa ni mimi.

Miwani imefika na imekaa vizuri sana. Hata yale maandishi madogo ya kwenye chupa ya dawa ya mibuni sasa yanasomeka. Ubarikiwe.

Kuna kitu nauliza tu, si kwa ubaya. Bushra unayekaa naye kutwa nzima umemtaja mara moja. Huyo Twaibu wa vipuri umemtaja pamoja na fundi wake, ubao wake na kitambaa chake. Vipuri vya malori vinahusiana nini na vitambaa vyeusi?

Habari ya beji ni fupi. Mwaka ule serikali ilitaka kila mtu mzima ajue kusoma. Sisi tulisoma jioni, tukitoka shambani, watoto migongoni, taa ya karabai inavuma. Mwalimu wetu aliitwa Clement. Alikuwa mtu wa ajabu, alizitengenezesha beji Mbeya kwa mshahara wake mwenyewe, kwa ajili ya darasa letu tu, akasema atakayefaulu atavaa. Mtihani ukaja, ukapita, waliofaulu wakavaa. Mimi nilikuwa na mtoto mchanga anayelia usiku kucha, sikuvaa. Basi, historia imeisha.

Kuiazima haiwezekani. Haitoki kwenye koti lile, wala sitaki iwekwe mbele ya watu. Tena usimuulize yeye. Umeniuliza mimi, na mimi nimekujibu. Kila Jumamosi naiosha kwa maji na sabuni na inang'aa, haina shida yoyote.

Nakuombea, wewe na wote uliowataja kwa wingi.
Mama Mkubwa


Tunduma,
27 Aprili 2025

Mama Mkubwa wangu,

Shikamoo, na Pasaka njema iliyochelewa. Nimekula sikukuu mbili mwezi mmoja, Idi kwa Bushra na Pasaka kwangu, magauni yote yamenibana. Kuhusu swali lako, mvua huku imenyesha sana.

Kwanza nakusihi, beji usiioshe kwa maji. Ndani ya kile kiplastiki kuna karatasi tu. Maji yakiingia pembeni, karatasi inapata madoa na kibati kinashika kutu kwa nyuma. Kitambaa kikavu kinatosha.

Pili, nina habari kubwa. Alikuja mwalimu mmoja kununua koti, anaitwa Judith, anafundisha historia sekondari kule Vwawa. Aliona ubao wangu, akasahau koti. Alisimama hapo mpaka Bushra akampa kiti. Anataka nipeleke beji zote shuleni kwao tarehe 19 Julai, siku wanayowaita wazazi, wanafunzi waone historia kwa macho badala ya kuikariri. Kila beji nimeiandikia karatasi yake. Ile ya chama cha wachimba migodi nilipewa na mama mmoja muuza dagaa wa kapenta wa Nakonde. Nilimsalimu kwa Kibemba, mulishani mukwai, tukaongea mpaka jua likashuka. Mume wake aliivaa siku waliyogoma, akarudi nayo nyumbani shati likiwa limechanika kila mahali isipokuwa pale ilipobanwa na pini. Aliniambia nimeitunza miaka yote na sijui nilikuwa namtunzia nani, chukua.

Sasa sikia kilichonipata. Judith alikuja na wanafunzi wake wachache kuchagua zitakazowekwa mbele. Binti mmoja wa kidato cha pili akaangalia ubao wote, akaniuliza: "Hizi zote za wageni. Sisi hatukuwa na kitu cha kujivunia?"

Nikaanza kupanga beji upya, Mama Mkubwa. Mimi mwenye mdomo. Nilitaka kumwambia kuna kijiji watu walitoka shambani na jembe begani wakaenda kujifunza a, e, i, o, u, na waliofaulu walivaa beji, na mmoja wao bado anaivaa kila Jumapili. Ila nikisema bila kuionyesha, ni hadithi tu. Kwa hiyo siombi tena kuazima. Naomba Baba Mkubwa aje mwenyewe, beji ikiwa kifuani pake, asimame asome ukurasa mmoja wa kile kitabu cha kisomo cha watu wazima, Judith anacho. Atasoma kwa miwani mipya.

Umenikataza nisimuulize. Nakungoja wewe kwanza, ila usikawie. Nisipopata jibu nitampigia simu.

Wako mkaidi,
Imelda


Itaka,
18 Mei 2025

Imelda,

Salamu utazikuta mwisho. Usipige simu.

Nimesoma barua yako mara tatu. Nasema nimesoma, mimi, kwa miwani uliyoileta, ambayo inanikaa mimi vizuri sana. Umeelewa sasa? Barua zako zote nazisoma mimi. Zangu zote naziandika mimi, jikoni, mzee akiwa kwa ng'ombe. Mwandiko mzuri unaousifia tangu uko shule ni wangu. Nilikuwa nafurahi ukiusifia, ingawa ulimsifia mtu mwingine.

Mtihani ule niliufaulu. Nilikuwa na miaka kumi na tisa na Mwalimu Clement alisema hajaona mwanamke anayesoma haraka vile. Fanueli alianguka. Hakuwa mjinga, usifikirie hivyo, mpaka leo ukimpa mteremko anajua maji yatapita wapi kabla mvua haijanyesha. Ila herufi zilimkataa. Alikuwa anazitazama, jasho linamtoka, zinamkataa. Na alikuwa balozi wa nyumba kumi, kiongozi mzima. Mama mkwe wangu alikuwa hai. Sherehe ilikuwa asubuhi, watu wote wanakuja, na mimi nimepewa beji jana yake jioni, nimeishika mkononi. Nilimwona amekaa ukingoni mwa kitanda anafunga kamba za viatu, anafungua, anafunga tena. Nikamwendea nikambandikia kwenye koti. Sikusema kitu. Yeye naye hakusema kitu. Tukatoka.

Kuanzia siku ile watu wakajua Fanueli anajua kusoma na Ferista hajui. Mwalimu, ambaye peke yake alijua nani alifaulu, alihamishwa kabla ya mavuno, akaondoka na siri hiyo. Kanisani wanampa kitabu, nasema macho. Nyimbo zote nazijua kwa kichwa, hivyo ndivyo wanavyoamini, wakati mwingine nashika kitabu juu chini kusudi. Siri ya mtungi aijuaye kata. Watoto wangu wanadhani nimeokoteza herufi mbili tatu kwenye madaftari yao. Umeisikia wewe peke yako, tena nimekuandikia kwa sababu umenibana.

Sijutii. Nataka ulijue hilo. Lakini ukimsimamisha yule mzee mbele ya wazazi wa Vwawa ukampa ukurasa asome, utamvunja. Ana miaka sabini na minne. Atakuwa amevunjwa na mtoto anayempenda kuliko hata wa kwake. Mimi nami, kwa kweli, sijui nitaweka wapi uso. Mwambie Judith mzee anaumwa. Mwambie chochote.

Na beji siioshi tena kwa maji, nimekusikia.

Salamu kwa Bushra. Kwa yule mwingine sijui, maana mvua imenyesha.
Mama Mkubwa


Tunduma,
15 Juni 2025

Mama Mkubwa,

Shikamoo. Mwezi na nusu sasa sijapata hata mstari mmoja kutoka kwako. Umeninunia? Najua kahawa imeanza kuiva na mikono yenu yote iko shambani, lakini hata salamu?

Nilingoja, Mungu ananiona. Judith naye alikuwa anapeleka ratiba kwa mchapaji, ikabidi niamue. Jumatano nikampigia Baba Mkubwa. Nikamweleza shule, wanafunzi, beji, kitabu. Halafu akauliza kama watu watakuwa wengi. Nikamwambia watajaa. Akasema vizuri, atakuja. Kisha akaniambia nisikupigie kelele na jambo hilo, una kazi ya kuanika kahawa. Mzee ana siri nawe!

Basi imeshachapwa. Mzee Fanueli wa Itaka, atasoma. Karatasi ya beji yake nimeiandika mwenyewe kwa kalamu nzito: Beji hii ni ya mtu aliyejifunza kusoma akiwa mtu mzima, mwaka 1975. Nitaiweka katikati kabisa. Twaibu atakuja kumchukua kwa pikapu, asisumbuke na usafiri. Natamani uje na wewe.

Nijibu basi, moyo wangu hautulii.
Imelda


Itaka,
22 Juni 2025

Imelda,

Barua yako nimeletewa na msafiri; ina maana yangu ya mwezi wa tano hukuipata? Hii nampa mke wa mchungaji mkononi, anakuja huko kesho, maana Anyitike hatumwoni.

Mzee ameanza kupiga pasi koti. Mkaa wangu mzuri wa kupikia anauweka kwenye pasi. Nimemuuliza unakwenda wapi, amesema utajua. Jana nilimsikia nyuma ya zizi anaongea peke yake kwa sauti ya mkutano. Nimekosa usingizi. Tafuta barua yangu, isome, halafu uniambie utafanya nini.

Mama Mkubwa


Tunduma,
26 Juni 2025

Mama Mkubwa,

Nimezipata zote mbili. Noah ya Anyitike ililala gereji Mlowo wiki nyingi, giaboksi ilikufa, na barua yako ilikuwa kwenye dashibodi imelala nayo. Nilikwenda mwenyewe kuichukua. Niliisoma nimesimama pale kwa mafundi, nikakaa chini kwenye tairi, fundi mmoja akaniuliza kama nimefiwa.

Miaka yote nakusifia mwandiko wa mumeo, na wewe unanijibu asante. Nimelia, halafu nimecheka, halafu nimekuonea fahari mpaka nikataka kumwambia fundi. Sikumwambia.

Maji yameshamwagika lakini tunayazoa tunavyoweza. Nimemwambia Judith mzee hatasoma, macho. Ndiyo, nimetumia macho yako. Amekubali bila swali, ratiba mpya inachapwa. Baba Mkubwa atasimama tu, watu wampigie makofi, akae. Kumzuia asije siwezi, amenipigia mwenyewe mara mbili kuuliza saa ya kuondoka. Nikimwambia asije nitampa sababu gani ambayo haitamuumiza?

Mtu hatampa karatasi. Naapa.
Imelda


Tunduma,
20 Julai 2025

Mama Mkubwa wangu mpenzi,

Shikamoo. Barua hii anakuletea Baba Mkubwa mwenyewe, ipo mfuko wa ndani wa koti. Amenikataza kukueleza kwa simu yake. Amesema andika, mke wangu atasoma, yeye anasoma. Alisema hivyo hivyo, mbele ya Twaibu, bila kupepesa macho. Sasa soma taratibu, ukiwa umekaa.

Ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Wanafunzi walizunguka ubao, wanasukumana. Baba Mkubwa alikaa mbele na koti lake, mikunjo ya pasi imesimama. Mimi nilijituliza kwamba ratiba tumeibadilisha. Kumbe mwalimu aliyeshika kipaza sauti alikuwa na ile ya zamani. Nikasikia anasema sasa tunamkaribisha Mzee Fanueli wa Itaka atusomee. Akateremka, akamwekea kitabu mkononi. Nilinyanyuka, Mama Mkubwa, Judith naye alinyanyuka, tumechelewa, mzee ameshasimama na watu wanapiga makofi.

Akakitazama kitabu. Akakifunga. Niliona sasa nimemuua mzee wangu kwa mikono yangu.

Halafu akaongea, kwa sauti ile ya nyuma ya zizi. Alisema kitabu hiki nikikishika juu au chini, kwangu ni kilekile, mimi sijui kusoma. Watu wakaguna. Akawaambia wasubiri, hajamaliza. Akaeleza darasa, karabai, Mwalimu Clement. Akaeleza alivyoanguka mtihani na mke wake akafaulu kuliko wote, na kwamba asubuhi ya sherehe mke wake alimbandikia beji yake bila neno. Kisha akashika kifua hapa penye beji. Maneno haya nimeyaandika palepale, sijaongeza:

"Mlidhani naivaa kwa sababu najua kusoma. Naivaa kwa sababu mke wangu anajua. Miaka hamsini natembea na sifa ya mke wangu kifuani, na hakuna mtu hata mmoja aliyeniuliza mimi. Wote walimuuliza yeye, na yeye akawaambia macho."

Kwanza kicheko, kisha makofi ambayo sijawahi kusikia. Yule binti wa kidato cha pili alikuwa anafuta machozi kwa tai ya shule. Baba Mkubwa akaomba kalamu. Akanipa mimi, akasema kwenye karatasi ile ya katikati kuna jina limekosekana, andika. Nimeandika Ferista. Beji yenyewe hakuiacha. Nilipomwomba, aliniambia si yake, hawezi kuitoa bila mwenyewe.

Njiani kuja Tunduma alikula chipsi na Twaibu wakaongea habari za giaboksi na za mambo mengine ambayo hawakunieleza. Nilimuuliza kwa nini hakukuambia wewe hayo siku zote hizo. Alisema alidhani unajua. Halafu akasema pengine nawe ulikuwa unaona raha kumficha, hakutaka kukuharibia.

Ni mimi, ambaye leo sina la kuongeza,
Imelda


Itaka,
3 Agosti 2025

Mwanangu,

Marahaba, marahaba tena. Kahawa imeanikwa, haijaibiwa, haijanyeshewa. Wakati wa kisa chote mlichokifanya huko nilikuwa nimekaa kwenye vichanja nafukuza kuku.

Aliingia jioni, akanipa barua, akaenda kwa ng'ombe. Nikasoma. Nilipofika pale pa kitabu, nikaiweka chini nikatoka nje. Nikarudi. Nilipomaliza nilikuwa na hasira, Imelda, hasira ya kweli. Nimemficha mtu ambaye hajajificha! Nimesema uongo wa macho mbele ya madhabahu mpaka nimezeeka. Nilimfuata zizini nikamwambia yote, na ndoo nikaipiga teke. Yeye anakamua tu. Nilipochoka akaniambia kuwa asubuhi ile ya beji alidhani namwambia beba hii, mimi nina mtoto mikononi. Kwamba nilimpa aibebe. Akaibeba. Nilicheka mpaka ng'ombe akagoma kutoa maziwa. Halafu nililia, tena sikujificha. Sikujua mtu anaweza kupendwa muda wote ule, mbele ya macho ya watu wote, na asijue.

Habari ilitutangulia kanisani. Jumapili iliyopita alinibandikia beji kwenye gauni, akanichoma. Tulipofika wanawake wote walikuwa wananitazama, wengine wamenuna kidogo, maana wapo niliowahi kuwaomba wanisomee karatasi za zahanati nikijifanya sijui kusoma. Nitawapikia siku moja, tutaelewana.

Ulipofika wakati wa somo, mzee wa kanisa akasimama katikati na Biblia, hajui ampe nani. Fanueli akanionyesha kwa kidole, akasogeza miguu nipite. Imelda, kutoka benchi letu mpaka mbele si mbali. Nikafungua, nikapata mahali, nikaanza. Mwanzoni nilisoma kwa sauti ndogo. Mtu nyuma akasema ongeza mama, nikaongeza. Nikasoma sura nzima, sikuruka neno, na nilipofika mwisho sikutaka kukaa.

Wakati wa kurudi nyumbani tulitembea sisi wawili mpaka tukafika pale njia inapopanda. Nikamuuliza kama alinisikia vizuri kule nyuma. Akatembea kidogo, akasema, "Nimengoja sana wakusikie."

Nimekutumia mahindi mabichi kwa Anyitike, gari limepona. Kula na Bushra, na mtu mwingine yeyote unayemjua.

Mama yako Mkubwa, aliyeandika kwa mkono wake,
Ferista